Kuvinjari, Kuunga na Kufuata Kisa

Wape watu watatu gemu ya Subnautica, wape na wiki moja, kisha waulize ni gemu ya nini. Wa kwanza atakwambia ni gemu ya bahari: amepiga mbizi hadi kwenye mapango yanayong'aa gizani, amekimbizwa na dude la mita 55, na hajajenga hata ukuta mmoja. Wa pili atakwambia ni gemu ya ufundi: ana kituo chini ya maji chenye vyumba, madirisha na vitalu vya mimea, na hana haja ya kwenda mbali. Wa tatu atasema ni gemu ya hadithi, na atawashangaa wenzake ambao hadi leo hawajajua ile meli kubwa inayoanguka mwanzoni iliangushwa na nini. Wamecheza kitu kimoja, na kila mmoja amesema kweli.

Kiingereza kinazipa gemu za aina hii majina matatu ya jumla, nasi tumezoea kuyafasiri yalivyo: uchunguzi, utengenezaji, gemu zinazoendeshwa na hadithi. Ni majina baridi. Yanataja idara, hayamtaji mtu wala anachokifanya.

Kiswahili kina tabia ya kufikiri kwa vitenzi. Shina moja dogo, ukilitia viambishi, linakwambia nani anatenda, wakati gani, kwa ajili ya nani, kwa chombo gani, kwa hiari au kwa kulazimishwa. Naamini wacheza gemu wanatofautiana kwa sababu vitenzi vyao vinatofautiana, na istilahi zetu zikianzia kwenye kitenzi zitasema mambo ambayo majina ya kufasiri hayawezi kuyasema.

Tuanze na gemu yenyewe. "Mchezo wa video" ni jina la vitabuni. Neno "mchezo" lina kazi nyingi tayari: mechi ya Simba na Yanga ni mchezo, tamthilia jukwaani ni mchezo wa kuigiza, na akina mama wanaochangishana fedha kwa zamu nao wanacheza mchezo. Kisha "video" inaeleza tu kwamba kuna picha zinazotembea, kana kwamba mtu amekaa kutazama. Vijana walishaamua zamani. Kuna mabanda ya gemu, kuna kucheza gemu, kuna gemu hii na gemu hizi. Neno lililokwisha kupata ngeli na upatanisho wake limekuwa letu, na sioni sababu ya kuligombania tena.

Tukumbuke yaliyoipata "tarakilishi". Ni neno zuri, limefumwa kwa tarakimu na akili, na shule za Kenya zinalifundisha. Lakini lilipofika, "kompyuta" ilikuwa imekwisha kukaa kitako, na Tanzania nzima inasema kompyuta. Neno la kubuni linatakiwa liwahi, kabla la kukopa halijazoeleka. Kwa "gemu" tumechelewa, na si hasara. Kwa mengi yaliyomo ndani ya gemu bado tuna nafasi, maana vijana bado wanabandika ku- mbele ya kitenzi cha Kiingereza na kuendelea, na hakuna kati yao anayedhani hilo ni neno la kudumu.

Anayecheza tumwite mcheza gemu. "Mchezaji" amekwisha kuchukuliwa na mpira. Tena sarufi yetu inalipenda umbo hili: kitenzi kikifuatwa na kijalizo chake, kiishio -ji huanguka, tukapata mcheza ngoma, mla watu, mpiga mbizi. Mcheza kwao hutuzwa, walisema wazee, wakimaanisha ngoma. Kucheza kwa mwili na kucheza kwa vidole vimekaa ndani ya kitenzi kimoja bila kusukumana.

Sasa twende kwenye neno gumu kuliko yote: kitendo cha yule wa kwanza, aliyeingia baharini akazunguka.

"Uchunguzi" haufai. Daktari anachunguza, polisi anachunguza, tume inachunguza. Anayechunguza ana swali mkononi kabla hajaanza. Mpiga mbizi wa Subnautica aliyeingia kwenye msitu wa mwani hana swali lolote. Ana macho tu, na pumzi ya sekunde 45.

"Upelelezi" una historia inayouma. Katika vitabu vya historia vya shule za Tanzania, Livingstone, Stanley na wenzao wameitwa wapelelezi, wakatajwa sambamba na wamisionari na wafanyabiashara kama mawakala wa ukoloni. Waliochagua neno hilo walijua wanachofanya: kupeleleza ni kutazama kwa niaba ya mtu mwingine asiyeonekana. Libaki hapo hapo, na libaki na ukali wake. Kwa gemu tulitumie pale tu mcheza gemu anapotumwa kunyemelea na kurudi na habari.

"Uvumbuzi" ni jina la mwisho wa safari. Mvumbuzi lazima awe na alichokivumbua, iwe dawa, iwe mashine. Na kuna kugundua, ambalo waandishi makini hulitumia kwa kilichokuwapo tayari kikawa hakijajulikana. Napenda tofauti hiyo ilindwe. Ukikuta pango ambalo gemu ilikuficha, umegundua. Ukichanganya vitu viwili kikatoka ambacho hukukitarajia, umevumbua. Saa nzima kabla ya hapo, ulipokuwa unazunguka tu, bado haijapata jina.

Kuna kutalii, na hapa nakaa kidogo. Kabla ya mahoteli na magari ya mbugani, kutalii kulikuwa kutazama jambo kwa makini, hata kulisoma. Ni ndugu wa mtaala wa shuleni. Leo mtalii ni mtu anayelipa kiingilio, anatazama, anapiga picha, anaondoka bila kugusa. Maana hiyo mpya isidharauliwe, kwa sababu kuna gemu iliyojengwa juu yake karibu yote.

No Man's Sky ilitoka Agosti 2016 kutoka kampuni ndogo ya Hello Games ya Guildford, Uingereza. Ina sayari 18,446,744,073,709,551,616, zote zimezaliwa na kanuni za hesabu. Hakuna mkono wa mtu uliopanga kila bonde. Wapo waliotua, wakatembea, wakawapa wanyama majina, wakapiga picha machweo ya jua la kijani, wakaridhika. Wengine waliuliza baada ya siku chache: kisha? Lawama zilikuwa kali, kwa sababu wengi hawakuyakuta waliyoyatarajia. Kampuni haikuitupa kazi yake. Iliendelea kuongeza mambo bila malipo, na toleo kubwa la mwaka 2018 liliwarudisha wengi. Mengi yamesemwa kuhusu ugomvi ule. Mimi naona sehemu yake ilikuwa ya vitenzi: kundi moja lilikuja kutalii, jingine lilikuja na vitenzi vingine kabisa, na tangazo halikuwaambia mapema ni kipi kinawasubiri.

Kwa anayezunguka akiwa macho napendekeza kuvinjari. Lilikuwa neno la baharini: chombo kikivinjari kinazungukazunguka majini huku waliomo wakiangaza, kama meli ya doria. Kisha wanaistilahi wakalichukua, wakaunda kivinjari, ile programu ya kutembelea tovuti. Wengi wanaotumia kivinjari kila siku hawajui kwamba wanapanda chombo cha baharini. Ndani ya kuvinjari mna mambo mawili pamoja, kuzunguka na kuwa macho, na hayo mawili ndiyo hasa anayoyafanya mtu aliye na sekunde 45 za pumzi kati yake na uso wa maji. Gemu za kuvinjari: jina fupi, la kwetu, na baharini limekuwa nyumbani siku zote.

Lina majirani wa kulisaidia. Kuranda ni kuzunguka kwa kujifurahisha. Kuzurura ni kuzunguka kwa kulaumiwa. Kutangatanga ni kuzunguka bila kujua pa kwenda. Gemu isiyotoa maelekezo itampa mtu mmoja saa ya kuranda na mwenzake saa ile ile ya kutangatanga, kwenye mwambao ule ule, chini ya mwanga ule ule. Nimesikia wacheza gemu wakibishana sana juu ya jambo hili, na maneno hayo mawili yangeumaliza ubishi, maana kila mmoja angekuwa ametaja hali yake bila kuitukana gemu.

Ramani inakuja hapa hapa. Asili yake ni Kiajemi, rahnama, kielekeza njia, na ilitufikia kupitia manahodha ambao vitabu vyao vya safari viliitwa hivyo. Ramani ya kwanza kuitwa kwa neno hili, kwa hiyo, ilikuwa ya kusomwa: bandari, nyota, miamba, pepo. Subnautica haina ramani ya kuchorwa. Inakuachia maboya ya kutega na kuyapa majina mwenyewe, na mcheza gemu anayeandika "pango lenye chumvi" au "usirudi hapa" juu ya boya lake anaandika ramani ya kale kuliko anavyojua.

Outer Wilds, ya mwaka 2019, ni ya aina nyingine. Ndani yake hakuna cha kulimbikiza wala cha kujenga. Kila baada ya dakika 22 jua linalipuka na mambo yanaanza upya, na kinachobaki ni ulichokielewa tu. Kitendo cha humo ni kufumbua. Tazama uzuri wake: fumba, fumbo, fumbua. Lugha imeweka kufuli na ufunguo wake kwenye shina moja. Kwa nini basi tuandike "kutatua changamoto" kwenye maelezo ya gemu kama hii? Changamoto ni ya mkutano wa bajeti. Hapa kuna fumbo, na fumbo hufumbuliwa.

Gemu ya namna hiyo haichezwi mara mbili kwa utamu ule ule, na anayekusimulia mwisho wake amekunyang'anya kitu. Mitaani wanasema kumwaga mtama, na ni msemo mzuri, ila unahusu siri yoyote. Napendekeza kutobolea, kutoka kutoboa siri, katika kauli ya kutendea: usinitobolee, amenitobolea. Ile -le- ndogo inasema kwamba siri si ya anayeitoboa tu. Kuna mtu aliyetobolewa, na ndiye aliyeumia.

Twende kwa fundi.

"Utengenezaji" unatia utata tangu asubuhi. Mwanzoni mwa Subnautica redio ya kwenye kidau cha kuokolea imeharibika. Mtu akisema "nimetengeneza redio", ameifufua ile mbovu au ametoa mpya? Kutengeneza ni kuweka sawa, na limekuwa likibeba maana zote mbili kwa muda mrefu. Kwa ile mbovu tunalo kukarabati. Kwa ile mpya tunahitaji neno lenye mkono ndani yake.

Shika Minecraft, ile ya kampuni ya Mojang ya Sweden, iliyotoka rasmi mwaka 2011 na kuuza nakala zaidi ya milioni 300 kufikia 2023. Unakata mti kwa mkono mtupu. Gogo moja linatoa mbao 4. Mbao 4 zinatoa meza. Mbao 2 zinatoa vijiti 4. Juu ya meza kuna miraba 9, mitatu kwa mitatu. Weka mbao 3 kwenye mstari wa juu na vijiti 2 chini yake katikati, na unapata sururu. Zihamishe mbao zile zile mahali pengine, unapata kitu kingine au hupati kitu. Siri iko kwenye kukutanisha: kipi kinakaa karibu na kipi.

Kiswahili kinakiita kitendo hicho kuunga. Seremala anaunga mbao. Fundi bomba anaunga bomba. Mpishi anaunga mchuzi kwa nazi. Ni kitenzi kimoja, kwa sababu wazee wetu waliona kwamba kupatanisha vitu hadi kikatoka kipya ni kazi moja, jikoni na karakanani. Na vinavyoungwa ni viungo: viungo vya pilau, viungo vya mwili, kiungo cha tovuti, hata kiungo wa kati uwanjani. Sijui neno jingine la lugha yetu linaloweza kuingia gemuni likiwa na mtandao mpana hivyo.

Basi gemu za kuunga. Ile meza ni meza ya kuungia, kwa kauli ile ile tunayosema kisu cha kukatia na sufuria ya kupikia. Mpangilio unaotoa sururu tuuite muungo, miungo. Wapo watakaosema linagongana na maungo ya mwili. Sioni tatizo, yote ni mambo yaliyokutanishwa, na wingi wake unatofautiana. "Mapishi", ambalo wengine wanalipendekeza, nalikubali kwa gemu za upishi tu, sururu haipikwi.

Kazi kubwa zina kitenzi chao, kuunda. Matondoni kule Lamu na Nungwi kule Unguja mafundi wanaunda majahazi, na serikalini wanaunda kamati, kwa sababu kuunda ni kutoa kitu kizima chenye mbavu zake. Sururu inaungwa, nyambizi ya mita 54 katika Subnautica inaundwa. Inaundwa juu ya jukwaa linaloelea, ikikamilika inaanguka majini kwa kishindo, na kwa kitendo hicho tunalo kushua. Kushua chombo! Neno hili limebaki midomoni mwa watu wa pwani na kwenye kamusi. Gemu moja ingelirudisha kwa watoto wa Dodoma na Nakuru.

Kukusanya ni eneo ambalo utajiri wetu umezidi kiasi. Menyu za gemu zina tabia ya kutumia kitenzi kimoja kwa kila kinachookotwa. Sisi tunasenya kuni, tunachota maji, tunachuma matunda, tunavuna ngano, tunavua samaki, tunachimba madini, tunakama ng'ombe, tunarina asali. Vitendo hivyo vyote vimo ndani ya Minecraft. Mizinga ya nyuki iliingia mwaka 2019. Anayeifasiri menyu kwa "kusanya" kila mahali ameandika Kiswahili sahihi na amewanyima watoto maneno manane. "Rina asali" likitokea kwenye kioo mara moja, mtoto wa mjini ambaye hajawahi kuona mzinga atabaki nalo maisha yake yote.

Vinavyokusanywa ni malighafi. "Rasilimali" ni mtaji, kichwa cha mali kwa asili yake ya Kiarabu, na ni neno la mwenye kuhesabu. Jiwe ulilotoka kuling'oa ni ghafi, halijaguswa, linangoja mkono.

Na vinakaa wapi? Nimeona "orodha ya vitu", nimeona "hesabu ya mali". Orodha ni karatasi. Mcheza gemu ana vitu mwilini, anatembea navyo, nafasi ikijaa inabidi atupe. Hilo ni bindo. Bindo ni ile sehemu ya nguo mtu anayoikunja kiunoni au kuishika mbele ili abebee alivyookota, na kila aliyetoka shambani na maembe mengi kuliko mikono anajua linavyojaa haraka. "Bindo limejaa" ni sentensi ambayo gemu inaisema kila dakika. Ghala la nyumbani liitwe bohari, kama linavyoitwa popote penye shehena.

Kazi ya kurudia, ile ya kuchimba jiwe lile lile hadi vidole vinakufa ganzi, ina jina tayari Tanzania: msoto. Kusota ni kujiburuza kwa makalio, na kula msoto ni kutaabika muda mrefu kabla ya kupata. Nalipokea neno hili kama lilivyo. Ila linamsemea anayelalamika tu, na wapo wanaoupenda urudiaji ule, wanaorudi jioni kuchimba kidogo, kupanga bohari, kuongeza ukuta mmoja, wakalala wametulia. Hao wanadunduliza. Kudunduliza ni kujikusanyia kidogo kidogo hadi kikawa kingi, na halina uchungu ndani yake. Jiwe moja, wacheza gemu wawili: mmoja anasota, mwingine anadunduliza.

Kuhusu njaa, kiu na baridi, "kunusurika" kunataja tukio lililopita. Aliyeokoka kwenye ajali ni manusura, na Ryley Robinson wa Subnautica ni manusura kweli, maana meli yake imeanguka. Lakini kesho yake asubuhi anahitaji maji na samaki, na hapo ameanza kujikimu. Watengenezaji wa Subnautica walilielewa jambo hili: waliweka namna nne za kucheza, na mojawapo inaondoa njaa na kiu huku ikiacha pumzi na kisa, nyingine inaondoa hata kisa, ukabaki na ujenzi mtupu. Kwa maneno yetu, walimruhusu mtu achague vitenzi vyake: kujikimu, kuvinjari, kuunga, kufuata kisa. Sijaona gemu iliyowaheshimu wale watu watatu wa mwanzo kwa uwazi kuliko hiyo.

Namna ya ujenzi mtupu, Wakenya wana neno lake: kalongolongo, ule mchezo wa watoto wa kujifanya wana nyumba, jiko na familia. Ni zuri mno kuachwa uwanjani na watoto peke yao. Kulifasiri jina la Kiingereza kuwa "sanduku la mchanga" ni kulitaja sanduku na kuusahau mchezo.

Nafika kwa yule wa tatu, mwenye kisa.

Tuna hadithi, ngano, hekaya, masimulizi, mkasa, riwaya. Nachagua kisa kwa sababu moja: kwetu kisa ni hadithi na pia ni sababu. "Kisa cha kunigombeza ni nini?" "Amemfukuza bila kisa." Hakuna hadithi ndani ya gemu isiyokuwa sababu, kwa kuwa mcheza gemu hasikilizi tu, anatembea, na kila hatua inauliza naenda huko kwa nini. Gemu ikipoteza sababu, hadithi yake, hata iwe tamu, inakuwa maneno yanayopita huku mtu akibonyeza ili yaishe.

Kuna kufuata kisa na kuna kusuka kisa. The Last of Us ya mwaka 2013 inakuvusha Marekani nzima na Joel na Ellie, na mwisho wake ni mmoja kwa kila mtu. Mkono ni wako, uamuzi si wako. Wapo waliolia na wapo waliokasirika kwa sababu hiyo hiyo. Hiyo ni kufuata. The Witcher 3 ya mwaka 2015 inatoa miisho zaidi ya mmoja kulingana na uliyoyatenda, na hapo unasuka. Wahakiki wetu wa fasihi walishatuandalia njia: wanauita mpangilio wa matukio msuko. Ilikuwa sitiari kwenye riwaya. Gemuni imekuwa kitendo, na mcheza gemu ndiye msusi.

"Mhusika" nalo limepata maana yake kamili huku. Katika riwaya mhusika anahusika na mambo yake, msomaji yuko kando. Gemuni mhusika ni wewe. Mtaani wanapenda steringi, neno lililotoka kwenye matangazo ya sinema, na kanuni yake inajulikana na kila mtoto: steringi hafi. Gemu imeivunja kanuni hiyo, steringi anakufa mara arobaini kwenye daraja moja. Kwa hiyo steringi abaki sinema, gemuni awe mhusika.

Kazi za pembeni zilizo nje ya kisa kikuu zinataka neno la haraka kabla wafasiri hawajaandika "michepuko". Kimsingi ni neno sahihi, maana ni kuacha njia kuu, lakini Tanzania limekwisha kuchukuliwa na mambo ya ndoa na halitarudi. Ndugu yake yuko salama: mchepuo, kama mchepuo wa sayansi shuleni. Njia kuu ya kisa, na michepuo yake.

Mwaka 1996 Richard Bartle, Mwingereza aliyeshirikiana na Roy Trubshaw kwenye MUD, gemu ya maandishi matupu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, aliandika kwamba wacheza gemu ni wa aina nne, akawapa alama za karata. Wanaotafuta mafanikio ni almasi, kwa kuwa wanatafuta hazina. Wavinjari ni sepetu, kwa kuwa wanachimba. Wapenda watu ni mioyo. Wasumbufu ni marungu. Mchezo mzima wa maneno umekaa kwenye majina ya karata za Kiingereza.

Ulete kwenye karata zetu. Uru ni ouro ya Wareno, dhahabu: mtafuta hazina amekaa sawa, pengine sawa kuliko alivyokaa kwenye almasi. Pau ni fimbo na marungu: msumbufu hajahama. Kopa si moyo, ni kikombe, na mpenda watu nampenda zaidi akiwa na kikombe cha kahawa barazani. Shupaza ndiyo inayokataa. Kwa Mreno ni upanga, na anayevinjari hakuja na upanga. Utani wa Bartle unavunjika hapo hapo, na unatuonyesha kwamba aina za watu haziwezi kuazimwa pamoja na picha zake.

Mimi ningewaita kwa vitenzi. Mchumaji, kwa kuwa kuchuma ni kutunda na pia kupata faida. Mvinjari. Mpiga soga. Mchokozi, maana shabaha yake ni kumkera mwenzake, na "muuaji", alivyomwita Bartle, ni neno zito mno kwa mtu wa gemu. Na kwa kuwa gemu zimekua tangu MUD, naongeza wawili ambao karata nne hazikuwapa kiti: mwungaji na mfuata kisa. Ukijijua wewe ni yupi, utanunua gemu kwa busara zaidi, na utampa rafiki yako ushauri unaomfaa yeye.

Nawaomba wanaofasiri menyu, wanaosimulia gemu kwa Kiswahili mtandaoni na walimu wanaosikia watoto wakizungumza gemu wakati wa mapumziko: chukueni maneno haya muyapeleke bandani. Mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, yatayapima kwa wakati wake, lakini kipimo cha kwanza ni kijana aliyeshika pedi ya gemu. Akisema "subiri, bindo limejaa" bila kufikiri, neno limepita. Akilikataa, mwulizeni yeye analiitaje, kisha muandike alichojibu.